Bega la Kushoto

Fundi hakuwa na cheo. Hakuwa na kitambulisho cha polisi, wala kompyuta, wala ofisi yenye feni. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, na goti la kulia lilikuwepo kwa jina tu. Shule aliisoma jioni, kwenye madarasa ya watu wazima, baada ya kufunika cherehani. Cheti cha kidato cha nne alikipata akiwa na miaka arobaini na tatu, mwaka mmoja na binti yake mkubwa. Na kwa miaka sita sasa, hakuwa na mdogo wake.

Mdogo wake huyo, aliyekuwa akipaka nyumba rangi, alitoka asubuhi moja na ndoo na brashi kwenda kazini, asirudi. Polisi waliandika, wakaandika, wakachoka. Fundi hakuchoka. Alinunua madaftari makubwa, akawa anakata matangazo magazetini: kurasa za kushoto waliopotea, kurasa za kulia maiti zisizojulikana. Kisha anakaa na miwani yake na rula, analinganisha urefu, umri, makovu, nguo. Majirani wakambatiza Inspekta. Mara mbili polisi walimpigia simu kumshukuru, kwa kuwa watu wawili walirudishiwa majina yao. Mara saba walimwambia, mzee, nenda kapumzike.

Jumanne moja alileta nyumbani tangazo kutoka ubao wa kituo cha polisi, nakala iliyofifia. Mwanamume asiyejulikana, mifupa yake imeokotwa kwenye machimbo ya mawe ya zamani, fuvu limepasuliwa kwa kitu kizito. Amevaa koti. Ndani ya mfuko wa koti kuna mishono mitatu ya uzi mwekundu.

Mishono mitatu ya uzi mwekundu ilikuwa alama ya Fundi. Hakuna mwingine aliyeiweka.

Aliiangalia picha ya koti hadi macho yakamwuma. Bega la kushoto lilikuwa limenyanyuliwa kwa pedi nene. Mdogo wake alivunjika bega la kushoto utotoni, likashuka, na ni Fundi mwenyewe aliyekuwa akilijazia pedi ili asionekane amepinda. Basi. Kesi imekwisha. Alituma ujumbe kwa mke wa marehemu, kwani sasa alikuwa marehemu, aje kesho saa nne, kuna neno.

Asubuhi ya pili alikaa mezani, chai imepoa mbele yake, anatafuta sentensi ya kumwambia mwanamke aliyekuwa bado akiweka sahani mbili mezani. Hakuipata. Mke wa Fundi akaja kufuta meza, akainama juu ya picha.

"Hili ndilo?"

"Ndilo."

Mkewe alikuwa ametoboa na kuzungushia uzi matundu ya vifungo vya Fundi kwa miaka thelathini. Aliitazama picha, akaigeuza kwenye mwanga, akatazama tena.

"Mzee, tangu lini ulimshonea mdogo wako koti la kike?"

"Mama we, leo si siku ya mzaha."

"Sifanyi mzaha. Matundu ya koti la mwanamume nayatoboa upande wa kushoto. Haya yako kulia. Ama ni la kike, ama mimi nimezeeka."

Fundi akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Matundu yalikuwa kulia. Damu ikampanda usoni. Kijana anayejifunza kushona hukosea hivyo wiki ya kwanza, akashona mkono wa kushoto kulia kwa sababu nguo imegeuzwa ndani nje. Na yeye, miaka hamsini kwenye kazi!

Alipiga simu kituoni. Mtunza vielelezo alipokea akiwa anatafuna kitu.

"Lile koti la machimbo mlilipigaje picha?"

"Tuliligeuza, mzee, ndani nje. Nje limeoza, bitana ndiyo iliyobaki na sura. Kwani vipi?"

"Kwa hiyo pedi nene iko bega gani? Jione akilini umelivaa kwanza, usikurupuke."

 Kutafuna kukakoma.

"La kulia, mzee."

Fundi akaweka simu mezani taratibu, kama yai. Mkewe alimsoma usoni. Alikaa kitini kwa uzito wake wote, akacheka, akajifuta macho kwa kitambaa kile kile cha meza.

Shemeji aliingia saa nne kasoro, amejifunga khanga nyeusi, amekwisha kujiandaa. Alisimama mlangoni.

"Sema tu, shemeji. Nimekuja kusikia."

"Si yeye."

"Nini?"

"Nilidhani ni yeye. Nimekosea. Mimi, Inspekta wenu, nimelisoma koti kinyumenyume."

 Shemeji akavua kiatu kimoja, akamrushia, kikampiga begani.

"Usiku kucha, shemeji! Usiku kucha nimemlilia mtu ambaye hata hajafa!"

"Hatujui kama..."

"Nyamaza. Leo hajafa."

Akaketi, akanywa ile chai iliyopoa yote, akaomba nyingine. Alipomaliza kikombe cha pili, akavuta picha.

"Na huyu ana nani wa kumlilia?"

 Furaha ilikuwa imemsahaulisha Fundi kwamba ndani ya koti lile bado kulikuwa na mtu.

Alishusha madaftari ya vipimo kutoka juu ya kabati. Mwenye bega la kulia lililoshuka, alimshonea mmoja tu: mpiga picha wa mtaa wa nyuma, mrefu, aliyeinamishwa upande mmoja na mkoba wa kamera. Watu walisema amepata kazi nchi ya mbali. Ndiyo maana hakuna aliyemtangaza. Kitambaa kililetwa na dada yake, muuguzi, na anwani yake ilikuwepo, kwa mwandiko wa Fundi mwenyewe.

Aliandika kwa afisa wa upelelezi, polepole, bila kufuta. *Sisemi ni yeye. Nasema koti nililishona mimi, kwa mwili wake, na nakala ya vipimo naambatanisha. Dada yake anapatikana kwa anwani hii. Naomba aende mtu mpole, na asimwambie mlangoni.*

Alimsomea shemeji. Shemeji akatikisa kichwa kukubali, akabandika stempu. Fundi akalamba bahasha, akalaza ukingo wake kwa kidole gumba, akapita mara mbili kama anayelaza mshono. Wakatoka wote watatu hadi kwenye sanduku la posta, goti likilalamika njia nzima, na barua ikaingia.