Mguu Kwenye Breki

Kadi nyekundu ilikuwa chini, imekanyagwa kwenye tope, na gari halikuwepo.

Coral Treloar alisimama mlangoni mwa gereji, kebo mbili za handbreki zikining'inia begani, akaitazama ile kadi mpaka macho yakamwasha. Aliiandika kwa mkono wake mwenyewe na kuifunga kwenye usukani: HATARI. USIENDESHE. CORAL. Miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa mitambo migodini huko Mount Isa, na kule mtu akiondoa kadi ya mwenzake haonywi wala hasikilizwi. Anafungasha vitu vyake siku hiyo hiyo. Kadi huondolewa na aliyeiweka, basi. Lindsay, mdogo wake, mwanamume mzima wa miaka hamsini na minne, ama hakulielewa hilo ama alilielewa akalipuuza, na Coral alijua vizuri ni lipi kati ya hayo mawili.

Gari lilikuwa la mama yao, kuukuu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Lilitoka kiwandani na breki za nyuma za ngoma, zile zinazofungiwa ndani ya bakuli la chuma. Ukivuka kijito kimoja tu wakati wa mvua, bakuli linajaa tope, tope linasaga breki, na wiki haipiti kabla pedali haijaanza kuzama mpaka sakafuni. Tangu kabla ya Krismasi Coral alikuwa chini ya gari hilo. Aling'oa ngoma, akachonga vishikio vya chuma, akafunga breki za diski badala yake, akapitisha paipu mpya, akatoa hewa mara tatu, akajaribu uani mpaka akaridhika. Kilichobaki ni handbreki, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa sehemu ya ngoma na iliondoka nazo. Kebo mpya zilikwama mjini Cairns wiki tatu, barabara imezama kwa mafuriko. Asubuhi hiyo ndipo zilipokuja na ndege ya posta, ndege yenyewe ikachelewa kwa muda wa saa nne, Coral akiingoja uwanjani.

Hizo saa nne zilimtosha Lindsay. Kwenye meza ya kazi Coral aliona kipande cha paipu ya breki kimekatwa, na kando yake boksi tupu la ile valvu ya shaba ambayo Lindsay alikuwa akimpigia kelele tangu Januari. Unakanyaga pedali, unazungusha kitufe, valvu inayafungia mafuta ndani ya paipu, gari linasimama. "Handbreki ya dakika kumi, dada! Wewe na kebo zako!" Coral alikuwa amemwambia hapana. Alimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa matusi. Lindsay haambiliki.

Akatupa macho barazani. Kiti cha mama yao kilikuwa kitupu, na fimbo yake haikuwepo. Leo ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa kuvua barramundi, wale samaki wakubwa wa mtoni.

Coral alikimbia.

Karumba, mji wao huo wa kaskazini mwa Australia, ni nchi bapa. Mtu anaweza kuegesha gari huko mwaka mzima bila handbreki na lisisogee hata unyayo, ndiyo maana nusu ya magari ya mji ule handbreki zake zilikufa zamani na hakuna aliyezililia. Mteremko wa maana ni mmoja tu: ule wa saruji wa kushushia boti, unaoingia moja kwa moja mtoni, kwenye maji ya kahawia yenye mamba. Na huko ndiko Lindsay alikompeleka mama.

Aliwakuta wazee wanne kwenye viti vya kukunja juu ya mteremko, bia mkononi, kama ilivyo desturi, wakisubiri kuona nani ataaibika. Gari lilikuwa katikati ya mteremko, limeshuka kinyumenyume, trela na boti ya bati vimezama nusu, magurudumu ya nyuma majini. Injini imezimwa. Mama Enid, miaka themanini na mitano, amekaa kiti cha mbele cha abiria, mkanda kifuani, kofia kichwani, redio ikimsomea mbio za farasi. Lindsay alikuwa nje, mikono kiunoni, akiwahutubia wazee.

"Nimelitoa gia makusudi," alikuwa akisema. "Mnaona? Halina gia, halina gogo, halina jiwe. Limesimama tu!"

"Lindsay!"

"Aa, huyo mwenyewe amekuja. Dada, hebu tazama. Dakika ishirini halijasogea!"

"Mtoe mama humo."

"Pole pole basi, tusalimiane kwanza."

"Wewe mjinga, umezunguka naye mji mzima kabla ya kuja hapa, sivyo? Breki zimepata moto, mafuta yamevimba. Sasa umezitumbukiza kwenye maji ya baridi. Mafuta yakipoa yanasinyaa, pedi zinaachia. Mtoe!"

"Mnamsikia huyu?" Lindsay aliwageukia wazee. "Mafuta yanasinyaa! Kama kaptula ya Ferg."

Wazee wakacheka, Ferg mwenyewe kuliko wote. Coral hakusubiri wamalize. Alishuka mpaka dirishani kwa mama yake.

"Mama, shuka."

"Sishuki," alisema Mama Enid bila kugeuza kichwa. "Wiki sita nimekaa barazani nikitazama miguu yako ikichungulia chini ya gari langu. Leo niko mtoni. Toka, sisikii farasi."

"Mama, nakuomba, gari hili haliko—"

Halikupiga hata kelele. Saruji tu ilianza kupita chini ya gurudumu la mbele, taratibu, na mpini wa mlango ukamtoka Coral mkononi.

Alipita mbele ya boneti sijui vipi, akaufungua mlango wa dereva, akajirusha ndani kwa tumbo, kichwa chini, akaikandamiza pedali kwa mikono yote miwili na uzito wake wote. Miguu yake ilikuwa nje ikiburuzwa. Maji yalishafika kwenye bampa.

Diski zikauma. Gari likasimama pale pale.

"Jiwe!" alipiga kelele kutoka sakafuni. "Lindsay, weka jiwe!"

Lindsay alisimama, mdomo wazi. Ferg ndiye aliyetupa bia yake na kuanza kuhangaika kutafuta gogo.

Coral hakuweza kuinua kichwa. Shavu lake lilikuwa karibu na magoti ya mama yake, na mikono yote miwili ilikuwa juu ya pedali. Na hapo, akiwa hawezi kwenda popote, mama yake akazima redio.

"Breki nzuri," alisema Mama Enid.

"Mama, nyamaza kidogo."

"Sinyamazi. Nzuri kweli, na nakushukuru. Lakini Lindsay ni mpumbavu aliyenileta mtoni, na wewe ni hodari uliyenifungia nyumbani. Ungeweza kuazima gari la Ferg siku moja. Siku moja tu, Coral. Mimi sina misimu mingi ya kungojea kebo, na macho yangu ndiyo hayo yanafifia."

Coral alikuwa na majibu kumi, yote ya haki. Alikata paipu zile kwa ajili ya nani? Alilala chini ya ekseli hiyo, kutu machoni, kwa ajili ya nani? Hasira ilimpanda, na kilichoiongeza ni kwamba Lindsay alikuwa na makosa matupu na mama alikuwa na haki, yote mawili kwa wakati mmoja.

Gogo likawekwa. Coral akaketi usukanini, akashusha boti majini, akalipandisha gari mpaka juu kwenye uwanja tambarare, akatia gia na kuweka mawe mbele na nyuma. Kisha akamwendea Lindsay na kumwambia mambo ambayo wazee wale bado wanayarudia kwa kunong'ona. Alimwita muuaji. Alimwambia afunge virago vyake atoke kwenye nyumba ya mama. Lindsay, kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na mzaha. Alilia mbele ya watu, na hata kulia kwake kulimkera Coral.

"Mkimaliza mniambie," alisema Mama Enid, aliyekuwa ameshashuka na kufika kwenye boti kwa fimbo yake. "Maji huku yanajaa mara moja tu kwa siku. Coral, ingia. Lindsay Arthur, wewe utabaki. Utakaa garini, mguu kwenye breki, mpaka turudi."

"Mama, gari liko tambarare. Lina mawe."

"Nimekuuliza?"

Lindsay akaenda akakaa garini. Taa mbili nyekundu za breki, kule nyuma, zikawaka.

Coral aliiwasha injini ya boti. Katikati ya mto, karibu na mikoko, alitia nanga, akamwekea mama yake chambo, akamwongoza mkono pa kurushia. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifua. Alikuwa amekaa akilitazama lile gari kule ukingoni, na taa zake.

"Zinawaka?" aliuliza Mama Enid, uso kwenye maji.

"Zinawaka."

Nusu saa ikapita. Jua likapanda.

"Bado?"

"Bado, mama."

Baada ya muda taa zikazimika. Coral akainuka kidogo, akakaza macho. Lindsay alikuwa ametoka garini. Alikuwa kivulini na wale wazee, bia mkononi, na kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa ikienda huku na huku, alikuwa akiwasimulia. Mmoja alikuwa akijipiga mapaja kwa kucheka. Akiita, sauti yake ingewafika. Coral alifungua mdomo, akavuta pumzi aliite jina lote la Lindsay.

Ufito wa kuvulia wa mama yake ukapinda. Mama Enid akakaza mikono, miguu yake miembamba ikajikita kwenye sakafu ya bati, na uso wake ukawa uso ambao Coral hakuwa ameuona tangu kabla ya Krismasi.

"Mkubwa," alinong'ona Mama Enid. "Coral, ni mkubwa. Ee, zinawaka taa?"

"Zinawaka, mama," alisema Coral, meno yameumana, akachukua wavu. "Vuta."