Gunia la Mwisho Halilowekwi

Mwalimu Thaddée Ndayisenga alifundisha historia pale Bwegera kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka yote hiyo hakuchoka kulirudia somo moja. Wanafunzi walilijua kama Baba Yetu. Mafarao na piramidi zao aliwapitia mbio mbio, maana mwenye watumwa, alisema, atarundika mawe hata akiwa mjinga. Lakini akifika kwa yule mtu wa kwanza wa kando ya mto, aliyeshika punje huku njaa inamuuma, akaifukia na kuisubiri miezi minne, aliweka chaki chini. "Ustaarabu wote umetoka mkononi mwa yule," aliwaambia. Watoto waliandika, wengine wakipiga miayo.

Basi vita vya kwanza vilipowatimua bondeni, Thaddée hakuhangaika na godoro wala redio. Alichukua magunia mawili ya mbegu za mpunga, mali ya familia saba zilizolima pamoja, akayafukia ndani ya pipa chini ya sakafu ya darasa lake. Waliporudi baada ya miezi mitatu, milango ilikuwa imeng'olewa na madawati yamechomwa kuni. Pipa lilikuwa salama. Watu wazima walilia waziwazi, maana bonde zima halikuwa na mbegu nyingine.

Mbegu za mpunga hulowekwa mferejini siku nzima, kisha hufunikwa majani ya mgomba mpaka zichipue, ndipo humwagwa kitaluni. Ikishachipua haina kurudi nyuma: haiwekeki ghalani, na isipopata tope ndani ya siku chache inaoza. Ndiyo maana wakulima wa bonde la Ruzizi wana mwiko wao, kwamba gunia la mwisho halilowekwi, hata kama mvua inakubembeleza.

Mkewe, Nkeshimana, aliyeitwa Mama Alliance kwa jina la binti yao mkubwa, alimkuta akiyafungua magunia yote mawili.

"Baba Alliance, weye utalowanisha yote?"

"Moja inatosha familia tatu tu. Zile ine zingine nitaziambia nini?"

"Uziambie zingoje. Gunia ya mwisho haiingiaka mu maji, unajua."

"Vita imeisha. Hata radio inasema."

"Radio haiko inakula mchele," alijibu Mama Alliance, akaondoka zake.

Libérat, aliyegawa maji ya mfereji, naye alikuna kichwa. Lakini nani angembishia prof? Ndiye aliyeziokoa mbegu, tena alisoma. Naye Thaddée hakuwa na ubaya hata chembe: hakuweza kuvumilia kuona familia nne zikitazama wenzao wakipanda. Alilowesha yote.

Siku ya tatu alifunua majani, na punje zilikuwa zimetoa vichipukizi vyeupe. Aliwaita majirani mmoja mmoja waje kutazama, akicheka kama bwana harusi. Kitalu kilikuwa kimesawazishwa, maji yamefunguliwa. Wangemwaga kesho yake asubuhi.

Mchana huohuo risasi zililia upande wa Luvungi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Thaddée alijitwika gunia moja bichi na Libérat la pili, wakashika barabara ya kusini pamoja na umati. Pale Luberizi, Libérat alilitua la kwake ili ambebe mama yake, na hakuna aliyemlaumu. Thaddée hakulitua. Shingo ilimvimba, maji ya mbegu yakamchuruzika mgongoni hadi Uvira.

Walilazwa katika darasa la shule moja ya huko, familia tisa chumba kimoja. Siku mbili alizunguka akiomba kipande cha tope, hata upana wa mkeka. Lakini Uvira imebanwa kati ya mlima na ziwa, na bustani za ufukweni ziwa lilikuwa limeshazimeza. Wenyeji walimjibu kwa adabu: "Pole, papa. Hata siye hatuna fasi." Alikata tamaa barabarani, mbele za watu, akakaa chini kwenye vumbi.

Aliporudi, gunia lilikuwa la moto ukiligusa, linanuka uchachu. Mjukuu wake, mtoto wa Alliance, alikuwa hajala tangu juzi. Mama Alliance alianika zile ambazo hazijaoza, akazitwanga kwenye kinu cha kuazima, akazichemsha kwa chumvi. Mavuno ya familia saba za Bwegera, ya mwaka ule, na ya mwakani, na ya miaka yote baadaye, yaliingia katika sufuria moja.

Watoto walikula kwanza. Kisha mkewe akamwekea sahani mbele yake.

"Kula, Baba Alliance."

Alijua kuliko mtu yeyote mle ndani anachokitia mdomoni. Kilikuwa kichungu, kimejaa maganda. Alikimaliza, na kwa kuwa njaa bado ilimuuma, akanyoosha sahani aongezewe.