Kikombe Chini ya Dele

Mama alikubali kuhamia Maskati kwa sharti moja: asubuhi ya kuondoka apelekwe kwa gari akauzunguke mji wetu, Hail Sidra. Si kuaga watu. Watu, alisema, wana miguu na wana simu, wakimtaka watamfuata. Alitaka kuaga sanamu za barabarani.

"Sanamu, Mama?" kaka yangu Khalfan aliuliza. "Yule samaki?"

"Na saa, na dele. Wewe funga mizigo. Rayya atanipeleka."

Khalfan si mtu mbaya, niseme mapema. Ila tangu Mama aanguke bafuni majira ya baridi, akalala sakafuni mpaka jirani yetu Mayasa alipokuja kuazima kinu, Khalfan amekosa usingizi. Huko kwake Maskati ameshaandaa chumba chenye kiyoyozi na bafu lenye vishikio ukutani. Mimi nilimuunga mkono. Nimestaafu ualimu, naishi Sibu, huko huko Maskati, kwa mwanangu, kwenye jiko ambalo mkwe wangu huzihamisha sufuria zangu kila nikigeuka. Nikajiambia, kama mimi nimezoea kuishi kwa watu, Mama naye atazoea. Hayo ndiyo mawazo ya mtu aliyechoka, na huwa yanafanana sana na busara.

Mama akapanda mbele, barakoa usoni kama wazee wa kike wa kwetu, kikapu mapajani, ndani yake chupa ya kahawa, vikombe na tende. Ungedhani tunakwenda Salala, mwisho wa nchi. Hail Sidra unaimaliza kwa gari kabla kahawa haijapoa.

"Endesha taratibu," akasema. "Unakwenda kama umeliiba gari."

Tukaanzia kwa samaki. Samaki wetu ni nguru wa saruji, mrefu kuliko lori, amesimama kwa mkia wake katikati ya mji ambao bahari huioni hata ukipanda mlimani. Wageni wakipita hupunguza mwendo, wakacheka, wakapiga picha. Sisi hatucheki. Nyumba yetu ni ya pili kushoto baada ya samaki, na ndivyo tulivyowaelekeza watu maisha yetu yote.

Niliegesha pembeni. Mama akamimina kahawa, tukanywa tukimtazama.

"Maskini," akasema Mama. "Hakuja kwa hiari yake."

Kisa chake nilikijua, lakini nilitaka akisimulie yeye. Samaki alitakiwa ajengwe katika mji mmoja wa pwani. Dereva akapotea njia milimani, akaingia Hail Sidra na lori na mafundi wake, wote hoi. Sheikh Muhanna, Mungu amrehemu, akawapokea, akawachinjia mbuzi. Na kwetu mgeni haulizwi shida yake mpaka zipite siku tatu.

"Muhanna hakuuliza wamekuja na nini," Mama alisema, "na dereva, naye kalelewa vizuri, akaona haya kuuliza kama hapa ndipo. Mtu umeshakula mbuzi wa watu, utaanzaje kuwauliza mji wao unaitwaje? Mafundi wakaona mzunguko mtupu wa barabara, wakaanza kazi. Siku ya tatu Muhanna anauliza, haya jamaa, tupeni habari, mmekuja na nini? Saruji ishakauka!"

Akacheka mpaka akakohoa.

"Na wenyewe walipokuja kumdai?"

"Muhanna akawaambia, huyu ameshakuwa mgeni wetu. Mgeni hafukuzwi. Wakarudi bila samaki, na halua wamepewa juu."

Nilimaliza kahawa yangu, nikakitikisa kikombe kidogo kulia na kushoto kabla ya kumrudishia, kama mtu anavyofanya akitosheka.

"Unatikisa baada ya kimoja tu? Umekuwa mtu wa Maskati kweli. Zamani mtoto wangu alikuwa anakunywa." Akakipangusa, akakirudisha kikapuni, kisha akasema, akiwa bado anamtazama samaki, "Unajua nani alimpaka rangi?"

"Baba."

"Na macho yale?"

Macho ya nguru wetu yamepakwa wanja. Makubwa, marefu, yamezungushiwa mstari mweusi unaoishia pembeni kwa mkia mwembamba. Tangu nikiwa mtoto niliyaona nikadhani samaki wote wako hivyo, mpaka nilipoletewa wa kwanza sahanini, nikasikitika.

"Baba yenu nguru mzima hakuwahi kumwona," Mama akasema. "Walimpa kopo la rangi nyeusi, wakamwambia, tia macho. Akatia anayoyajua."

Nikamgeukia. Katika matundu ya barakoa, macho yake, yaliyochoka sasa na kuingia ndani, yalikuwa yale yale. Nimepita chini ya samaki yule maisha yangu yote, na sikuwahi kuona kwamba Baba aliyaweka macho ya Mama katikati ya mji, mchana kweupe, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Machozi yakanitoka.

"Sasa unalia nini? Twende kwenye saa."

Mnara wa saa uko sokoni, una nyuso nne, na kila uso una wakati wake. Fundi aliyejua kuzilinganisha alihama zamani. Watu wa Hail Sidra wamezoea. Mtu akikuahidi saa nne, unamuuliza ya upande gani. Upande wa msikiti ndio unaokwenda mbio. Upande wa soko huchelewa, na ndio unaopendwa na wachumba, watoto wa shule na mafundi bomba.

Hatujatulia, simu ikalia. Khalfan.

"Mko wapi? Muda unakwenda, jua litawaka barabarani."

"Mwambie tuko upande wa soko," Mama akasema kwa sauti ya kusikika. "Huku bado mapema."

"Mama, tafadhali," Khalfan akasema kwenye simu.

"Na yeye asimame upande huu, aone raha yake."

Nikakata simu kabla sijacheka. Lakini Mama hakucheka tena. Alifungua kioo, akasikiliza soko likifunguliwa, milango ya bati ikipanda mmoja mmoja, mtu akimwita mwenzake kwa jina la babu yake. Nilimwacha asikilize mpaka aliponigusa mkono.

Dele liko mwisho wa mji, njia ya kwenda Maskati. Ni dele la saruji, birika la kahawa la kwetu, refu kama nyumba, na chini ya mdomo wake kuna kikombe ambacho mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Tulikuta limezungushiwa mabati. Serikali inataka kulibomoa iweke taa za kuongozea magari. Juu ya mabati ulionekana mdomo wa dele tu, na kupitia upenyo tulikiona kikombe, kimejaa maji ya mvua, ndege shorewanda akijimwagia maji ukingoni.

Mama akashuka, akashika bati kwa mikono miwili, akachungulia.

"Bado hakijanywewa," akasema.

Huo ni utani wa mji. Kwetu mtu mwenye haja nzito, anataka mke, anataka kusamehewa damu, akienda kwa mtu na akamiminiwa kahawa, hukiweka kikombe chini bila kukionja. Mwenyeji akikiona, anajua. Atamwambia, sema haja yako. Na akikubali atamwambia, kunywa. Kikombe kisiponywewa nyumbani mwako, aibu ni yako, itakufuata mpaka kwa wajukuu. Basi watu husema kikombe cha dele kina haja ambayo serikali haijaikubali.

"Baba yenu aliweka chake mbele ya babu yenu," Mama akasema. "Na babu yenu alivyopenda mazungumzo, akajifanya hakioni! Kaanza na mvua, kaenda kwenye mbuzi, kaenda kwenye mitende. Mimi nyuma ya mlango roho juu. Kahawa imepoa. Nzi akaja, akatua ukingoni, akatumbukia. Baba yenu hata hakupepesa. Ndipo babu yenu akasema, kunywa, mwanangu, haja yako imekubaliwa."

"Akanywa?"

"Yote."

"Na nzi?"

"Na nzi. Nikasema moyoni, huyu ndiye."

Tukasimama pale, malori ya Maskati yakitupita kwa vumbi. Kisha akasema, bila kugeuka, "Sitaki kwenda, Rayya."

"Mwambie Khalfan."

"Nimemwambia. Nikisema naweza kutembea, ananitajia daktari. Nikisema Mayasa yupo, ananiambia Mayasa naye mzee. Ana jibu la kila neno, mwanangu, na majibu yake ya kweli. Nimechoka kujibiwa."

Nilimfungulia mlango wa gari, tukarudi, tukapinda kushoto baada ya samaki.

Tulikuta mizigo imepangwa barazani, magodoro yamekunjwa. Ili kuokoa wakati, Khalfan alikuwa amepika kahawa mwenyewe. Alikuwa ameketi majilisi, chumba cha wageni, mahali pa marehemu Baba, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Kijana wa watu anajitahidi.

"Karibu, Mama! Karibu ukae, upate kahawa kabla ya safari."

Mama akasimama mlangoni, kiatu kimoja ameshakivua.

"Umenikaribisha?"

"Nimekukaribisha, Mama, karibu sana."

Akavua kiatu cha pili, akaingia. Hakwenda kwenye mto wake karibu na dele, alipokaa maisha yake yote akimiminia watu. Akaketi karibu na mlango, wanapoketi wageni. Khalfan akainuka, akammiminia. Mama akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akamshukuru kwa adabu, akakiweka mkekani mbele yake.

"Kunywa, Mama, itapoa."

Mama hakukigusa. Khalfan akakitazama kikombe, akamtazama Mama, na nikaona jambo likimpanda usoni polepole.

"Mama, hapana. Wewe ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba hawezi kufanya hivyo."

"Nilikuwa. Sasa umenikaribisha, Rayya kasikia. Anayemimina ni wewe. Mimi mgeni tu, nina haja yangu."

Khalfan akaanza. Akaleta bafu, akaleta daktari, akaleta majira ya baridi. Maneno yote ya kweli. Mama alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kutoka mbali. Kahawa ikaacha kutoa mvuke. Nzi akaja, akazunguka, akatua ukingoni, na Khalfan akanyoosha mkono wake mkubwa akamfukuza taratibu. Hapo nikajua ameshashindwa, na nikamhurumia.

"Sema haja yako, Mama."

"Niache hapa."

"Na ukianguka?"

"Nitakuwa nimeanguka kwangu."

"Nani atakusikia? Mayasa alikukuta umepoa, Mama! Hata nilipofika, mikono yako ilikuwa bado baridi!" Sikuwa nimewahi kumsikia akilisema hilo.

Mama aliinamisha kichwa. Kwa hilo hakuwa na dawa, na kikombe hakikuwa nayo.

"Chumba changu bado kipo?" nikauliza.

Mama hakunitazama. "Kina magunia ya tende. Yatatolewa."

"Na sufuria zangu nitaziweka ninapotaka mimi."

"Utaziweka ninapotaka mimi. Hili jiko langu."

Khalfan akanitazama muda mrefu, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba chake. "Vishikio vya bafuni naviweka leo leo," akasema. "Hilo sitaki ubishi."

"Viweke."

"Basi kunywa, Mama. Haja yako imekubaliwa."

Mama akakiinua, akainywa ile kahawa baridi mpaka mashapo. Kisha akamrudishia mwanawe kikombe. Nilingoja akitikise. Mkono wake ulitulia tuli. Khalfan naye alikuwa anautazama mkono ule. Akainua dele, akamimina tena.