Kiberiti Ndani ya Bitana

Nianze na ukweli, kabla wengine hawajausema vibaya: mimi ni mkorofi. Kiharusi hakikunifanya hivi, kilinikuta hivi hivi. Kwa hiyo mke wangu aliposema, "Utakwenda na kaka yangu," nilipiga meza mpaka chai ikamwagika.

"Na Mkono? Thubutu!"

"Basi nenda peke yako," akasema, huku akifuta meza bila haraka. "Ukianguka kituoni, waambie wakuokote taratibu."

Nyumba nzima ikacheka, hata mimi kidogo, kwa siri.

Mkono ni shemeji yangu, fundi viatu, na jina hilo nilimbandika mimi. Miaka sita iliyopita tulikuwa tunatoka kwa mama yao, yeye amenibebea mkoba. Kufika nyumbani nikafungua mkoba, kidude changu cha muziki hakipo. Kilikuwa kidogo cha kutosha mfuko wa shati, nikakiita Kiberiti. Betri moja nyembamba, waya wa masikioni, na nyimbo mia mbili nilizozichagua mwenyewe moja moja. Sikuuliza wala sikutafuta. Nilisema mbele ya watu wote, "Shemeji, kumbe una mkono mrefu." Akaapa. Nikamcheka. Na kwa kuwa mashemeji hutaniana, watu wakalichukua kama utani, watoto wangu wakaanza kumwita mjomba Mkono, naye akaitika. Lakini mimi sikuwa natania, na yeye alijua kwamba sitanii.

Lazima mjue Kiberiti kilikuwa nini kwangu. Mimi ni msoma mita za maji. Kazi hiyo ni miguu: nyumba mia na arobaini kwa siku, funua kifuniko, inama, soma, andika, kimbia mbwa. Kila mtaa niliupa wimbo wake. Barabara ya shule ilikuwa na wimbo wa magitaa matatu yanayobishana, kilima cha tangi kilikuwa na matarumbeta, na nilikuwa nakipanda kile kilima kama naitwa kula. Kiberiti kilipopotea niliendelea na kazi, sikufa, ila nilitembea kama mtu aliyetumwa.

Kisha, miezi minane iliyopita, nikainama kwenye mita ya mtu nisiinuke. Nashukuru, nilipona. Ulimi ulirudi mapema kuliko wengi walivyotaka. Mkono wangu nao ukarudi. Mguu wa kushoto ndio uliogoma. Unakwenda, lakini unaburuta ncha ya kiatu chini, na ukiuharakisha unanikwaza mwenyewe.

Ofisi ikaniletea barua. Nifike makao makuu saa nane mchana mbele ya madaktari watatu, nitembee korido yao, hatua sitini kwenda na sitini kurudi, bila mkongojo, ndani ya dakika mbili. Nikiweza, Jumatatu narudi mitaani kwangu. Nikishindwa, nastaafishwa kwa ugonjwa. Nina miaka hamsini na moja! Nikae sebuleni nifanye nini, nihesabu mijusi? Nilijaribu uani, mke wangu ameshika saa. Dakika tatu na nusu, na nilimaliza nikiwa nimekumbatia pipa la maji.

Basi tukapanda treni alfajiri, mimi na mkongojo wangu, Mkono na mfuko wake wa vifaa. Haendi popote bila ule mfuko, utadhani miguu ya dunia nzima inamsubiri yeye. Hatujafika mbali akaanza kuangalia kiatu changu.

"Kushoto unakula ncha tu," akasema. "Kisigino kipya kabisa, hakijaguswa."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Kiatu ndicho kimesema."

Nikageukia dirishani. Akaja mkagua tiketi, mwanamama mnene mwenye filimbi shingoni. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, tiketi haipo. Mfuko ule ulitoboka zamani. Mara mbili Mkono aliomba aushone, na mara mbili nilimjibu, "Usiguse mkoba wangu, ulishagusa vya kutosha." Sasa tiketi ilikuwa imepita kwenye tundu na kuzama ndani ya bitana. Nikaifuata mpaka kiwiko kikapotea.

"Baba, unatafuta tiketi au unatafuta mtoto?" akauliza yule mama. Behewa likacheka.

Vidole vikaishika tiketi. Chini ya tiketi vikashika kitu kingine. Kidogo, kona zake za mviringo, waya umezungushwa mara nne na ncha yake kufichwa chini, jinsi ninavyozungusha mimi na hakuna mwingine. Sikuhitaji kukitoa ili nikijue. Uso wote ukaniwaka moto. Nikatoa tiketi peke yake, nikaonyesha, mama akaenda zake.

"Mbona umebadilika?" Mkono akauliza. "Mguu unauma?"

"Hauumi."

"Nikupe maji?"

"Sitaki maji!"

Nilikaa hivyo saa mbili nzima, mkoba magotini, na miaka sita ya maneno yangu ndani yake. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wangu alikuja tayari na ndevu. Nikajipangia uongo. Nitasema nimekiokota kituoni. Nitasema sijui. Nitakitupa dirishani, nani atajua? Nikaushika kabisa mkono wa dirisha. Kisha nikakumbuka matarumbeta ya kilima cha tangi, na haki ya Mungu, hamu ikanishinda.

Treni ikasimama kwenye kituo kidogo kupisha treni nyingine. Tukaambiwa dakika arobaini. Mkono alipoteremka kujinyoosha, nikakitoa Kiberiti, nikafungua mgongo wake. Betri ilikuwa imevuja, chumvi nyeupe imeganda kwenye vichuma. Kinahitaji msasa na betri mpya. Na katika treni nzima ni nani mwenye msasa mfukoni na tochi ndogo ya betri nyembamba? Nikajikaza kisabuni, nikateremka na mkongojo wangu.

"Shemeji," nikasema. Aligeuka haraka, maana hakuzoea kusikia neno hilo likiwa peke yake. "Una betri?"

"Ya nini?"

Nikakiweka kiganjani mwake. Akakitazama. Sikuwahi kuona mtu akitazama kitu kidogo kwa muda mrefu namna ile.

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye bitana."

"Bitana ile niliyotaka kuishona?"

"Ile ile."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, bwana. Usinimalize."

Hakucheka. "Unajua mama alinivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli? Nilimwapia mama yangu mzazi, mimi mtu mzima, kwa ajili ya hiki."

Sikulijua hilo. Niliona aibu, aibu ya kweli. "Nisamehe," nikasema.

"Aka! Siyo hapa," akasema. "Hapa hanijui mtu. Jina ulinipa nyumbani, nyumbani ndipo utakapolifuta." Kisha akapiga goti, akafungua mfuko wa vifaa. "Haya, tukifufue kwanza."

Akakata kipande cha msasa chembamba kama ukucha, akasugua vichuma, akapuliza, akasugua tena. Akaitoa betri ya tochi yake, akaipachika. Mimi nikavaa waya masikioni. Kimya. Kisha kijitaa kikawaka kijani, na wimbo wa kwanza ukaanza pale pale ulipokatikia miaka sita iliyopita, katikati ya kiitikio:

*Jirani ee, rudisha ngazi,*
*paa langu linavuja,*
*uliazima kwa siku moja,*
*mvua ya pili inakuja!*

Ni wimbo wa kipuuzi na ninaupenda kuliko nyimbo zote. Ulikuwa wimbo wa mtaa wa kwanza, wa saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Gita la besi linapiga moja, mbili, moja, mbili, halidai wala halisubiri. Nikaanza kutembea. Sikuamua, niliona tu ninatembea. Moja kulia, mbili kushoto, na kushoto kukainuka! Mguu uliokataa dawa, mazoezi na matusi yangu ukamsikiliza mpiga besi. Nikafika mwisho wa jukwaa la kituo, nikageuka, na mkongojo ulikuwa kwapani.

Shemeji alikuwa ananifuata ameinama, macho kwenye kiatu changu kama anatafuta sindano. "Kisigino!" akapiga kelele. "Kinatangulia kisigino! Tena! Nenda tena!"

Nikaenda tena. Nikaenda mara sita, abiria wakitoa vichwa madirishani, machozi yananitoka na sikuyafuta. Mama wa tiketi akapuliza filimbi. "Baba wa tiketi, panda, au utafika kwa miguu!"

"Ningeweza!" nikamjibu. Na siku hiyo niliamini.

Saa nane kamili niliitwa. Korido ya makao makuu ilikuwa ndefu, sakafu imepigwa nta inang'aa, benchi moja la mbao ukutani. Shemeji akakaa hapo na mkongojo wangu. Mwenyekiti wa jopo alikuwa daktari mwanamke, miwani kwenye ncha ya pua, saa mkononi.

"Hivyo vya masikioni uvitoe," akasema.

"Daktari, mimi nilisoma mita kwa muziki miaka kumi na moja."

"Hapa utatembea kama wengine. Toa."

Nikavitoa, nikavizungusha mara nne, nikatia mfukoni. "Anza," akasema.

Hatua kumi za kwanza zilikuwa aibu tupu. Ncha ya kiatu ikaanza kulamba nta. Ya kumi na moja ikakwama, nikayumba, nikagusa ukuta kwa bega, na nikasikia kalamu ya daktari mmoja ikiandika. Nikaona sebule yangu. Nikaona mijusi.

Ebo! Walininyang'anya waya, si mdomo. Nikavuta pumzi na kuimba, kwa sauti niliyo nayo, ambayo si nzuri: "Jirani ee, rudisha ngazi!" Korido ikaitika. Mguu ukashtuka. "Paa langu linavuja!" Na hapo nyuma yangu nikasikia ko, ko, ko, ko. Shemeji alikuwa amevua kiatu na anagonga benchi kwa kisigino chake, sawasawa kabisa, mkono wa mtu aliyegonga nyundo miaka ishirini. Hakuchelewa hata pigo moja. Nikageuka mwisho wa korido bila kugusa kitu. Makarani wakafungua milango. Mmoja akaanza kuitikia. Nilipokuwa narudi nilikuwa siimbi tena ili nitembee, nilikuwa naimba kwa kuwa nimefurahi, na nilimpita daktari kwa hatua nne kabla sijakumbuka kusimama.

Akaitazama saa. "Dakika moja na sekunde arobaini na saba." Akawageukia wenzake. "Kuna kanuni inayokataza kuimba?"

Wakafunua karatasi, mbele na nyuma. Hakuna.

"Basi Jumatatu," akasema, akagonga muhuri. "Na umrudishie mtu ngazi yake."

Tulirudi kesho yake. Kutoka kituoni mpaka nyumbani nilitembea, sikio moja lina waya, waya wa pili nimempa shemeji, kwa hiyo tulikwenda tumebanana kama wachumba, mkongojo kabeba yeye. Kwenye lango watoto wakatuona.

"Mjomba Mkono! Amepita?"

Uani walikuwa wote. Mke wangu aliiona miguu yangu kabla ya uso wangu, akaweka mikono kichwani na kupiga kigelegele. Na pale kwenye kiti alikuwa mama mkwe, amekuja kusikia habari. Nikainua mkono wanyamaze.

"Nimepita," nikasema. "Mtashangilia baadaye." Nikaenda mpaka mbele ya kiti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nikakitoa Kiberiti nikakiweka mapajani mwake. "Mama, miaka sita iliyopita nilimwita mwanao mwizi mbele ya watu wote. Kitu chenyewe hiki hapa. Kilikuwa ndani ya mkoba wangu muda wote. Hakuiba. Mimi nilimsingizia, na nyinyi wote mkaimba nilichowaimbisha." Kisha nikamgeukia shemeji, nikamwita kwa jina lake, lile alilopewa na huyo mama aliyekaa pale. Watoto wengine walikuwa hawajawahi kulisikia.

Mama mkwe alikigeuzageuza kile kidude, akafuta jicho kwa ncha ya kitambaa chake. "Nilijua mimi," akasema polepole. "Mtoto wangu nilimzaa mwenyewe."

Shemeji alikuwa ameshafungua mfuko wake wa vifaa. Alijifanya anatafuta uzi, lakini uzi ulikuwa mkononi.

"Lete huo mkoba," akasema.

Nikavimwaga vitu vyangu vyote mezani, nikampa kwa mikono miwili.