Bega la Nyuma

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Gribaudo, msimamizi, na nyundo zote za karakana ya mabodi ya magari zikanyamaza.

Alikuwa ametoka kwenye maonyesho ya magari pale Torino, koti bado mwilini. Huko aliliona gari la washindani wao likifunuliwa: jekundu, milango miwili, pua ndefu, na nyuma lina bega. Bega lenyewe! Lile linalopanda taratibu juu ya gurudumu, kisha kuanguka ghafla kama paja la farasi. Lile alilolifua Delfino Operti majira yote ya baridi, na ambalo dunia ilikuwa haijaliona.

Macho yakamgeukia Delfino. Kila mtu alijua kwamba mdogo wake, Secondo, hufua bati kwa washindani hao.

"Bwana Gribaudo, sikumwambia mtu neno."

"Basi bega lilitembea lenyewe kwa miguu?" Wenzake wakacheka, kicheko kisichofika machoni. "Jumatatu nitakupima. Nikishindwa kukuelewa, fungasha nyundo zako."

Mchana ule hakuna aliyemsogezea mkate. Alipopita, mazungumzo yalikatika kama uzi. Naye Delfino akaanza kumchambua ndugu yake: majuzi Secondo alimuuliza kwa nini vidole vyake vimevimba. Ya nini kuuliza?

Jumapili, kwa mama yao, chungu cha mafuta, dagaa wa chumvi na vitunguu saumu kilitokota katikati ya meza, kila mtu akichovya mboga yake. Delfino hakuchovya.

"Kula, kaka, au unaogopa nimetia sumu?"

"Naogopa utaniibia hata uma."

Secondo akatua glasi ya divai. "Nani mwizi? Msimamizi wangu ameniweka kiti moto tangu juzi, anasema nyinyi ndio mmetuibia! Nami nikadhani umekuja kuomba radhi, mnafiki mkubwa!"

"Apa."

"Apa wewe kwanza, wewe ndiye mkubwa."

Wakaapa wote kwa kaburi la baba yao, mfua shaba aliyewafundisha kazi akiwa amewashika vifundo vya mikono, mmoja baada ya mwingine, juu ya mfuko uleule wa mchanga wa kufulia. Hakuna aliyemwamini mwenzake.

"Payukeni tu," mama alisema. "Jirani atadhani ni mtu mmoja anagombana na nafsi yake."

Jumatatu Gribaudo alimwekea Delfino bati jipya na mchoro mpya. "Fua bega jingine. Lisifanane na lile."

Mchoro hutoa mistari tu. Unono wa bati hutoka mkononi. Delfino alibana kiwiko, akabadili nyundo, akapiga pale ambapo roho ilimkataza kupiga. Shati lilimganda mgongoni. Alipomaliza, Gribaudo alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati kama mtu anayempapasa mnyama asiyemjua. Kiganja kikapanda. Kikapanda tena. Kikaanguka ghafla.

"Unanichezea?"

"Hapana, bwana. Nimejitahidi."

Gribaudo alimkazia macho usoni, kisha mikononi. Akavuta bati jingine, akalilaza juu ya mfuko wa mchanga.

"Tena."

Delfino akainua nyundo. Akautazama mkono wake wa kulia, ule baba aliouongoza, ukipanda hewani, kwa jicho lilelile la shaka ambalo wenzake walikuwa wakimtazamia yeye.