Maziwa ya Kiripi

Bibi Takwaria alikuwa anapasua njugu za michikichi mwitu kwa jiwe pale mwanawe, Piraima, alipotokea msituni na kima mwekundu begani. Manimia, binti wa bibi, aliacha kupepea moto. Kichanga chake kilikuwa kinalia tangu asubuhi, kilio chembamba cha mtoto aliyechoka kulia. Titi la mama lilikuwa limekauka, na titi halijai kwa njugu tupu. Nyama ilikuwa imeadimika tangu wakata magogo walipovuka mto na misumeno yao ya mashine.

"Leo utapata mchuzi, dada," Piraima alisema, akamlaza kima juu ya majani.

Jeraha la mshale lilikuwa linatoa maziwa.

Watu waliyatazama jinsi mtu anavyotazama paa linalovuja. Walijua maana yake. Wawindaji wakiua kima mwenye kichanga, kichanga huletwa nyumbani, na mwanamke anayenyonyesha hukipa titi pamoja na mwanawe. Aliyenyonya ni mtu wa nyumba. Akikua anaweza kurudi mitini akapata mke huko, lakini haliwi, na maziwa aliyonyonyeshwa hubaki mwilini mwake.

"Kitendawili," alisema Aparana, jirani mwenye mdomo. "Nimempata bila uchungu, mwanangu ana mkia."

Hakuna aliyesema tega.

"Haya, onjeni basi. Mie msinihesabu. Wangu huyu hapa kichwani, ananitafuta chawa."

Wanawake waliowahi kulea kima wakachovya kidole mmoja mmoja.

"Si yangu," alisema wa kwanza.

"Wala yangu. Yangu yalikuwa mazito, haya maji."

"Maji mwenyewe," mtu akamjibu, lakini kicheko hakikufika mbali. Chungu kilikuwa tayari motoni, na Manimia alikuwa anaitazama midomo yao kila ilipofunguka.

Ikabaki zamu ya bibi. Akachovya, akaonja. Ulikuwa utamu wa asali ya nyuki wadogo, ile aliyoilamba bila kushiba mwaka aliomnyonyesha Piraima titi la kulia na kima mchanga Kiripi la kushoto. Kiripi hakuwa akipata usingizi mpaka ashike sikio la Piraima. Bibi akayaona yote hayo kwenye ncha ya kidole.

Angetamka tu si yangu, chungu kingechemka, Manimia angekunywa mchuzi, na mjukuu angepata titi. Duniani hakukuwa na mwingine wa kuijua ladha ile.

"Mama," Manimia alisema. "Sema si yako."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Mtoto huyu hapa."

Bibi alimtazama mjukuu, akamtazama Piraima, ambaye alikuwa anatazama miguu yake.

"Ni Kiripi," alisema.

Aparana akakiipua chungu bila kuambiwa.

"Hukuita?" bibi alimuuliza mwanawe. Mwindaji huita juu kabla ya kuvuta upinde, na aliyenyonya huitika, akashuka tawi moja ajulikane.

"Niliita, mama. Niliita mpaka koo likauma. Mashine zilikuwa zinanguruma ng'ambo hii ya mto. Kama aliitika, sikusikia."

"Aliitika. Huyu hakuwa mtoto wa kuitwa akanyamaza."

Wakamlaza kwenye bembea yake ya kamba ya utotoni, ikawa fupi, miguu ikaning'inia. Walikusudia kumzika maziwa yakiisha. Hayakuisha. Yalijaza kibuyu, wakaweka kingine.

Manimia alikaa amewapa mgongo. Njugu alizoitiwa na mama yake hakuzigusa. Lakini sauti ya kichanga ilipoanza kukwaruza, aliinuka, akaenda chini ya bembea, akakiweka mdomo kwenye jeraha. Kikanyonya, visigino vinapigapiga.

"Taratibu," alikiambia. "Usimmalize mjomba wako."

Mvua zilipokuja mtoto alikuwa na mikunjo mapajani, na mashine zilikuwa zinasikika mtu akiwa amekaa jikoni. Mjumbe alikuwa ametumwa mjini kuwashtaki wakata magogo, akarudi na ahadi tu. Basi wakahama, kama walivyohama kabla ya hapo. Piraima alishika ncha moja ya mti uliobeba bembea ya ndugu yake, mume wa Aparana akashika nyingine. Walipopumzika Piraima hakuutua mti chini. Manimia alitembea ubavuni, mtoto nyongani ameuelekea mlo wake. Bibi Takwaria alikuja mwisho na kijinga cha moto.

Nyuma yao mti mkubwa ukaanguka. Ardhi ikatikisika nyayoni. Mtoto akashtuka, akaliachia jeraha, maziwa yakamchirizika kidevuni.

Manimia hakugeuka. Alikishika kichwa cha mtoto, akakirudisha mahali pake.

"Nyonya," alimwambia. "Bado ni mbali."