Ndoo ya Mama Lempi

Mama mkwe wangu Lempi alifariki Jumatatu akiwa na miaka tisini na saba, na Jumatano mke wangu akamuua tena. Maneno hayo si yangu. Ni ya shemeji yangu Kerttu, na aliyasema akiwa amesimama katikati ya jiko, kidole kimeelekea kwenye ndoo.

Ilikuwa ndoo ya mbao ya kukandia mkate, na ilikuwa inang'aa. Huo ndio ulikuwa msiba wenyewe. Ndoo ile haikuwa imeoshwa tangu enzi za bibi yake Lempi. Ukimaliza kukanda unga wa rai, nafaka ya nchi za baridi, unaacha kinyunya kilichogandia kwenye mbao kikauke, na humo chachu inalala mpaka utakapoiamsha kwa maji ya vuguvugu. Kila mtu kijijini anajua hivyo. Raili, mke wangu, anajua kuliko wengi, kwani alikulia jikoni humo humo. Lakini Raili akipatwa na majonzi husafisha. Alipoachishwa kazi alisugua dari. Safari hii alifika kwa mama yake asubuhi, akavua koti, akafua mapazia, akaosha madirisha, jiko na paka, na akili ilipomrudia alikuwa ameshaisugua ndoo kwa sabuni na kuianika juani.

"Nilikuwa nalia," alisema. "Sikuona nimeshika nini."

"Hata mimi nimelia," Kerttu akajibu. "Mbona mimi sijaosha kitu?"

Mazishi yalipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na Lempi alikuwa ameacha agizo moja tu: kwenye kahawa inayonywewa baada ya mazishi watu wapewe mkate wake, wa chachu yake, si takataka za dukani. Kerttu, kifungua mimba, aliyeishi na mama yake maisha yote, akatoa hukumu. Mkate usipopatikana, Raili asikae naye benchi moja kanisani, siku ile wala siku nyingine. Mgeni angedhani ni uchungu tu unaosema. Mimi nimekuwa mkwe katika nyumba hii miaka thelathini na minane, na ninajua kwamba Kerttu hajamsemesha binamu yake tangu mwaka wa sabini na nne kwa sababu ya reki.

Kuomba chachu kwa jirani hakukuwa na maana. Lempi hakumgawia mtu hata chembe. Waliokuja kuomba aliwaambia wakamwombe mama yao.

"Sasa mnahangaika nini," nikasema, na naapa nilikuwa natania. "Mama alishika kila kitu kwa mikono ya unga. Humu ndani kila mahali yumo."

Dada wawili wakanigeukia. Kerttu akafungua droo, akatoa visu vitatu vya siagi.

Jikoni Raili alikuwa hajaacha kitu, kwa hiyo tulianzia ukumbini, kwenye simu. Ilikuwa ile ya zamani ya kuzungusha namba, na matundu yake yalikuwa yamezibwa na kinyunya kikavu. Kwa simu ile Lempi aliwapigia watu wa barabara kila Jumanne, miaka nenda miaka rudi, katikati ya kukanda, mpaka wakaja kuweka lami. Waliiweka hadi getini kwake wakaishia hapo hapo, na wenzake wa mbele mpaka leo wanakula vumbi. Kerttu alikwangua akiwa amepiga magoti, Raili akikinga sahani chini yake.

Tukaenda ghalani kwenye skii zake za wakati wa vita, zile mbao za miguuni za kutelezea thelujini. Alipokuwa msichana alizivaa kumpelekea mkate kijana mmoja aliyekaa juu ya mnara wa mbao akichungulia ndege za adui. Kijana huyo ndiye baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, na alikuwa akisema kwamba alimwoa Lempi ili aache kumletea. Kwenye kamba za skii tulipata punje tatu. Kwenye usukani wa trekta tulipata zaidi, kwa sababu Lempi hakuwa mtu wa kusubiri mkate uive akiwa amekaa. Mzee mzima nilijikuta nimelala chini ya trekta nikilamba kidole ili nijue kama ni unga au ni grisi.

Chumbani kwake, kando ya kitanda, palikuwa na picha mbili za shule, ya Kerttu na ya Raili. Picha ya Raili uso haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa na alama za dole gumba, moja juu ya nyingine, tabaka nene la unga.

"Yangu ni safi," Kerttu akasema.

"Dada, wewe ulikuwa hapa. Alikuwa anakugusa mwenyewe."

Kerttu akachukua kisu. Alikwangua uso wa mdogo wake taratibu sana, kuanzia kwenye nywele.

Mavuno yetu yote hayakujaza kijiko cha chai. Ndipo Raili akakumbuka pete. Mama yao hakuvua pete yake ya ndoa maisha yake yote, hata kwenye kukanda, na chini yake kulikuwa na chachu ya miaka na miaka. Tukaingia garini kwenda kwenye kanisa dogo la makaburini alikolazwa. Njia nzima Kerttu alitazama dirishani, nikadhani ni hasira.

Mhudumu alitufungulia jeneza na kutuuliza kwa upole kama tungependa kumwimbia wimbo wa kumuaga. Raili akasema hapana, ahsante, akatoa kisu cha siagi kwenye mkoba. Akauinua mkono wa mama yake, akaisogeza pete kidogo. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, safi kabisa.

"Nilimwosha mimi," Kerttu akasema. "Kabla hawajaja kumchukua. Kwa mswaki, hadi chini ya pete. Nilitaka aende akiwa safi."

"Kwa mswaki," Raili akarudia.

"Nilikuwa nalia, Raili. Sikufikiria."

Raili akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa kuuma kitambaa, ikashindikana, na Kerttu naye akaangua, wakashikana juu ya jeneza mpaka sikujua tena nani anacheka na nani analia. Mhudumu akatoka nje. Mimi nilikichukua kile kisu, nikakitia mfukoni.

Kile kijiko kimoja walikiloweka wakakichanganya na unga kwenye ndoo, wakaiweka saunani, chumba cha kuogea mvuke, penye joto la kiasi. Wakakaa humo kwa zamu wakiwa na themosi ya kahawa, kama watu wanaouguza. Siku ya nne Kerttu alitoka akasema mama amepumua. Nilikwenda kuona. Palikuwa na povu moja.

Siku ya mazishi mkate ulitoka bapa, mweusi, mzito wa kuvunjia kokwa. Uliwekwa mezani katikati ya keki, watu wakautazama kwa heshima bila kuusogelea. Wa kwanza kuonja alikuwa Eino, jirani, aliyemzidi Lempi mwaka mmoja. Aliuchovya kwenye kahawa, akatafuna muda mrefu mpaka wamimina kahawa wakasimama kumsubiri.

"Ni wenyewe," akasema. "Hauliki, vilevile kama zamani."

Watu wakamgeukia Kerttu. Mimi nikajificha nyuma ya kikombe, maana miaka yote thelathini na minane nilikuwa nauficha mfukoni na kuwapa mbwa wa Eino, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa wanaufukia.

Kerttu akachukua kipande, akauma, jicho moja likajifunga kwa uchachu.

"Nimeula miaka sabini," akasema. "Sijawahi kuupenda."

"Unadhani mimi nilihamia mjini kwa nini," Raili akasema, mdomo umejaa. Wakaumaliza wote, hata makombo.

Jioni Kerttu alitoka na ndoo, kinyunya kimeanza kukauka pembeni, akampa mdogo wake.

"Kaa nayo wewe."

"Nitaiosha, dada. Unanijua."

"Hutaiosha."

Raili aliiweka kiti cha mbele, akaifunga mkanda, akanielekeza nyuma. Barabara ya lami ya Lempi ina shimo moja baada ya daraja. Tulipoliingia, Raili alinyoosha mkono haraka kuishika ndoo isiyumbe, na vidole vyake vikazama ndani. Akavitazama vilivyojaa unga. Kisha akarudisha mkono kwenye usukani bila kujifuta.